Fundi Aliniuliza Nimepaka Nta Gani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana na khanga mbili, ndoo yangu mwenyewe na pakiti ya sabuni ya unga, maana hakuna aliyeniambia nije na nini. Nilikuwa natoka kufua mashuka kwenye hoteli moja hapa hapa Karatu. Niliposikia kampuni ya utalii inatafuta mtu wa kuosha magari nilijisemea, gari na shuka vina tofauti gani? Msimamizi wa Karakana, mtu mfupi mwenye sauti ya kuimbisha kwaya, aliitazama ile sabuni akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, umekuja kufua au kuosha magari?"

Nikamjibu kwamba uchafu ni uchafu. Sikuwa na adabu hata wakati ule. Akasema haya, anza tuone. Nikalowesha kitambaa, nikakikamua, nikaanza kupangusa boneti lililojaa vumbi jekundu. Sikumaliza hata futi moja. Mtu alinishika kifundo cha mkono.

"Dada, acha. Unaipiga msasa gari yangu."

Huyo ndiye Fundi Tluway, fundi rangi wa kampuni, Mwiraqw mwenzangu, mrefu, mzee wa kanisa, mtu asiyepandisha sauti hata akikasirika. Alinieleza kwamba vumbi letu la Karatu ni mchanga uliosagika. Ukilipangusa bila maji linakwaruza klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi, linaloilinda rangi ya chini na kuipa gari mng'ao. Kwanza maji mengi, kutoka juu kwenda chini. Kisha ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, na zisichanganywe. "Na hii ya unga?" nikamwuliza. "Hiyo kafulie soksi za mumeo," akasema. Sabuni ya unga inakula nta yote iliyopakwa juu ya gari, linabaki uchi.

Nawaandikia ninyi mnaoshika ndoo na vitambaa siku hizi, ili mjue kazi hii ilivyofanywa enzi zetu. Lakini sitaki kuwazungusha. Mzee huyu aliyenifundisha alifukuzwa kazi kwa kosa langu, akapoteza jina lake la ufundi, nami nilikuwepo, nilijua, nikanyamaza. Kama mtasoma haya ili kujifunza nta tu, mtajifunza. Mimi nimeyaandika kwa ajili ya jina lake.

Basi, nta. Vijana wengi wakiingia dukani wanachagua kopo lenye picha ya gari linalong'aa sana. Jamani, picha haipaki gari. Fundi Tluway alinifundisha kuanza na mkono. Ukishaosha na kukausha, unavaa mfuko laini wa nailoni mkononi, enzi zile haikuwa imepigwa marufuku, halafu unapitisha vidole taratibu juu ya rangi. Mkono mtupu haukuambii kitu, lakini ndani ya ule mfuko unasikia kila chembe. Ukisikia chengachenga, kuna uchafu umeng'ang'ania. Uondoe kwanza kwa ule udongo laini maalumu wa kusafishia rangi. Ukiona mikwaruzo myepesi, ndipo unatumia kompaundi, dawa yenye kusaga. Lakini kumbuka kompaundi inapunguza klia kila unapoitumia, na klia haioti tena. Baada ya hapo ndiyo nta.

Nta ngumu ya kopo inadumu, ila inataka kivuli, bati lililopoa na mkono usio na haraka. Unapaka kidogo, unasubiri igeuke ukungu mweupe, unafuta, unageuza kitambaa, unafuta tena. Nta ya majimaji ni rahisi kupaka lakini mvua mbili tatu zinaondoka nayo. Halafu kuna hizi za kung'arisha mara moja, nyingi zina silikoni. Unapangusa mara moja tu, gari linawaka. Fundi alikuwa na kipimo chake: paka kidogo kwenye vidole, nawa kwa sabuni, ukiona bado vinateleza na maji yanakimbia, liache kopo dukani. Gari lililopakwa silikoni siku likihitaji kupigwa rangi upya, rangi mpya inaikimbia. Inafunguka vishimo vidogo vya mviringo mwili mzima. Mafundi wanaviita macho ya samaki.

Kwa sababu hiyo Fundi alikuwa na desturi aliyoikuta kwa waliomfundisha yeye. Kabla ya kugusa gari lolote kwa msasa, alimwita aliyelipaka nta. Mnasimama mbele ya boneti, wenzenu wapo, anakuuliza kwa sauti: "Umepaka nini?" Nawe unajibu kwa sauti. Ukishajibu, kilicho juu ya rangi ni dhamana yako. Cha chini ni dhamana yake. Haikuandikwa popote, lakini pale karakana ilikuwa nzito kama kiapo.

Baada ya miaka michache nilipelekwa kwenye kambi ya kampuni juu ya ukingo wa Ngorongoro. Baridi ya kule, weee! Asubuhi ukungu umekaa mpaka huoni ndoo yako, nta haikauki, inabaki inanatanata. Tulilazimika kusubiri mchana, na mchana magari yako chini, ndani ya kreta. Yalirudi jioni yametapakaa tope jeupe la magadi kwenye milango na juu ya magurudumu. Magadi ni adui mbaya kuliko vumbi. Yakikauka juu ya rangi yanaingia ndani ya klia, na alama yake hata ufanyeje haitoki. Kanuni yetu ilikuwa maji kabla ya chai, yaani dereva akishuka tu, wewe unalimwagia gari maji kabla hata hajapokea kikombe. Mkuu wa Kambi alinipenda kwa hilo. Alikuwa mtu mkali anayekagua magari kwa leso nyeupe.

Halafu wakanituma Malambo msimu mmoja wa kiangazi, kulikokuwa na kambi ya muda ya mahema. Huko sikujifunza nta, nilijifunza aibu. Maji yaliletwa kwa gari la tangi. Siku ya pili tu, wakati nasuuza gari, alipita mama mmoja wa Kimaasai na punda wake wawili wenye madumu matupu. Alisimama akatazama maji yakiingia mchangani.

"Mama," akaniambia, "gari yako inakunywa kuliko ng'ombe wangu."

"Ndiyo kazi niliyopewa, yeyoo," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kimaasai.

"Na mimi nimepewa ng'ombe," akasema. Hakusema kwa hasira. Nilimjazia madumu yake, na kuanzia siku ile nikawa nayapuliza magari vumbi kwa hewa ya pampu, nayafuta kwa brashi ya manyoya laini, basi. Yalirudi Karatu yamechakaa, mikwaruzo ya miiba ya migunga kila upande, nami nikapewa barua ya onyo. Sijawahi kuijutia barua ile.

Niliporudi karakana ya Karatu nilimkuta Meneja wa Usafiri mpya, kijana aliyesoma, shati jeupe kila siku katika mji huu wa vumbi jekundu. Msimu wa wageni ulikuwa umechanganya. Magari yalirudi jioni, yakaondoka alfajiri, na Meneja alitaka yang'ae kwa sababu wageni wanayapiga picha. Nikamwambia nta ngumu inataka saa tatu kwa gari moja.

"Mama Neema, mgeni hapigi picha saa zako tatu," akasema. "Tafuta kitu cha haraka. Wewe ndiye mtaalamu."

Neno hilo la utaalamu lilinivimbisha kichwa, siwafichi. Nikaenda mwenyewe dukani, nikachagua kopo ambalo maandishi yake yalikuwa ya lugha nisiyoijua, na picha yake, ndiyo, gari linalong'aa. Nilipaka kwenye vidole, nikanawa. Viliteleza. Nikanawa tena, vikateleza bado. Muuzaji akasema, "Nta safi hiyo, mama, yenye nguvu." Nami nikaamua kumwamini muuzaji nikaviacha vidole vyangu. Msimu mzima nikapaka kopo lile. Magari yalimetameta, Meneja akanisifu mbele ya madereva, na Fundi Tluway, aliyekuwa amelazwa kwa upasuaji wa ngiri kisha akapumzishwa nyumbani, hakuwepo kuniuliza.

Aliporudi, kampuni ilikuwa imeamua magari yote yabadilishwe kutoka kijani kuwa rangi ya mchanga. Yalianza matatu. Fundi akaniita mbele ya boneti. Madereva walikuwepo, Msimamizi alikuwepo, Meneja mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Neema, umepaka nini?"

Ningeweza kusema sijui. Ndiyo ilikuwa kweli, sikujua kwa hakika. Kopo lenyewe sikuweza kulisoma. Lakini Meneja alikuwa pale, na mimi ndiye mtaalamu. Nikasema kwa sauti, "Nta tupu, Fundi." Akaitikia kwa kichwa, akashika msasa.

Mnaoijua kazi mnajua kilichotokea. Msasa uliisukuma ile silikoni ndani ya mikwaruzo. Rangi mpya ilipopulizwa ilikaa vizuri kama dakika moja, halafu ikaanza kufunguka. Vishimo vidogo, mamia, kuanzia boneti mpaka mlango wa nyuma. Fundi akainama kuvitazama, bunduki yake ya rangi mkononi. Siku ya pili akalichubua gari lote akapiga tena. Ikawa mbaya zaidi. La pili nalo, la tatu nalo.

Lilipoharibika la tatu nilikimbia dukani na kopo langu ndani ya khanga. Muuzaji akalichukua, akaligeuza, akampigia simu aliyemuuzia. "Ndiyo, ina silikoni," akaniambia, tena kwa fahari. "Ndiyo maana inang'aa hivyo." Nililificha kopo tena ndani ya khanga, nikarudi. Sasa nilikuwa najua, hakuna cha kusema sikujua.

Nilimkuta Fundi peke yake, ameifungua pampu ya hewa, anaisafisha kipande kwa kipande akitafuta kama kuna mafuta yaliyoingia kwenye hewa. Alikuwa ameshabadilisha thina ya kuchanganyia rangi, ameshabadilisha bunduki, ameshakwangua hata sakafu. Akaniangalia.

"Mama Neema, nikuulize tena. Si mbele ya watu. Ilikuwa nta tupu?"

Nilikuwa mjane wa mwaka mmoja. Neema alikuwa kidato cha pili. Meneja alikuwa ameshatangaza kwamba aliyeharibu magari yale ataondoka. Hizo ni sababu, si udhuru. "Nta tupu, Fundi," nikasema.

Akaifunga pampu taratibu. "Basi ni mimi," akasema.

Kesho yake Meneja alimwita mbele yetu sote. "Mzee, macho yamekwisha," akamwambia. "Au ni zile za kunywa Jumapili?" Madereva wawili wakacheka. Mzee wa kanisa, ambaye hata togwa iliyokaa siku mbili hakuonja! Fundi hakujitetea. Alikunja ovaroli yake, akaaga kila mtu kwa mkono, hata mimi. Akaniambia nisilie, Mungu yupo.

Ukaletwa fundi mwingine kutoka Arusha. Huyo hakumwuliza mtu chochote. Aliosha kila gari kwa dawa ya kuondoa silikoni kwa sababu hakumwamini mtu. Rangi ikakaa safi. Basi watu wakasema mnaona, tatizo lilikuwa mzee. Miezi minne baadaye nilipewa cheo: Msimamizi wa Usafi wa Magari. Nikakaa kwenye cheo hicho mpaka nilipostaafu. Nilikuwa mkali kweli, waliofanya kazi chini yangu wanajua. Makopo yote nilisomesha maandishi yake kabla ya kufunguliwa, na mtu aliyejibu jambo asilolijua nilimfokea mpaka yeye akashangaa. Walidhani ni ukali wa kazi. La kuvunda halina ubani, nami nilikuwa nachoma ubani kila siku.

Siku ya kuniaga, Mkurugenzi alisimama na karatasi akasema, "Mama huyu hajawahi kuharibu rangi ya gari hata moja." Watu wakapiga makofi. Niliisukuma kando sahani yangu ya wali, na hapo nikajua kwamba nikifa na makofi yale nitakuwa nimekufa vibaya. Wiki ile ile nilipanda bodaboda kwenda Baray, ambako Fundi alikuwa amehamia kulima vitunguu.

Nilimkuta kivulini mwa banda anachambua vitunguu, vizuri huku, vilivyooza kule. Amezeeka, mgongo umepinda. Mkewe, Mama Daniel, alifurahi kuniona, akanibandikia chai. Sikuingoja chai. Nilimwamkia Fundi, nikapiga magoti kwenye maganda, nikasema yote: kopo, vidole vyangu vilivyoteleza, muuzaji, na lile jibu la pili.

Aliacha kuchambua. Kitunguu kilikuwa bado mkononi mwake.

"Nilikwenda kwa daktari wa macho," akasema mwishowe. "Akaniambia macho mazima. Sikumwamini daktari. Nilikuamini wewe."

Nikaanza kulia. Akanizuia kwa mkono.

"Usilie kwanza. Daniel alitaka nimfundishe rangi. Nilimkatalia. Nilimwambia mkono wangu umekufa, nisije nikamwambukiza. Jirani alileta mlango wa duka lake nimpigie rangi, mlango tu, nikakataa. Unanielewa? Mlango." Kisha akageuka akaita, "Mama Daniel, njoo usikie. Mama Neema, rudia."

Nikarudia. Mama Daniel alisikiliza akiwa ameshika sufuria ya chai. Nilipomaliza akasema, "Tulimwombea macho yake kanisani. Wewe ulikuwa benchi la mbele." Akairudisha ile chai ndani. Daniel naye akaitwa kutoka shambani, mtu mzima sasa, miguu imejaa tope. "Rudia," Fundi akasema. Nikarudia mara ya tatu, na mara ya tatu ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu Daniel alinisikiliza kisha akarudi tu kwenye vitunguu vyake.

Nilipoinuka, Fundi akaniuliza, "Kule karakana umewaambia?"

"Bado, Fundi."

"Basi mimi hujaniambia kitu. Ulinijibu mbele ya watu. Kanijibu mbele ya watu."

Hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba. Nimeshapita karakana mara mbili. Msimamizi wangu wa zamani amefariki, Meneja alihamia kampuni nyingine siku nyingi. Vijana walinisikiliza kwa heshima, wakaniambia, "Bibi, hayo yalipita," wakaendelea kupiga magari maji. Ndiyo maana naandika, na nitaisoma karatasi hii mbele ya boneti, kwa sauti, Jumatatu wakati madereva wote wapo.

Kuna jambo moja ambalo kule Baray sikuweza kumwambia, ulimi ulikataa. Ninyi vijana rangi ikiharibika, ikiota vishimo, mnacheka mnasema gari limepata tluway. Mnasema bila kujua kwamba ni jina la mtu. Mimi nimelisikia neno hilo kila msimu nikiwa msimamizi wenu, na hata mara moja sikuwakataza. Leo nawakataza. Mtu huyo hakuharibu gari hata moja. Rangi ikiota vishimo, semeni imepata Mama Neema.